Taa Nane za Kinanda cha Mitole: Historia ya Marehemu Kornelio Sebastiani Mbonde

Baba Paroko, masista, mzee mwenyekiti wa kijiji chetu, Imamu na ndugu zangu wa msikitini mliokubali kukaa kwenye mabenchi haya tangu asubuhi, wanakwaya, wafiwa, majirani, na ninyi mliotoka Miteja, Nangurukuru, Kilwa Masoko na Lindi, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi ninayesimama mbele yenu ni Rehani Pazi, binamu wa marehemu, mama yangu na baba yake ni tumbo moja, na ukoo umenikabidhi karatasi hii kwa sababu mbili, ya kwanza ni kwamba watoto wake wakijaribu kuisoma hawatafika ukurasa wa pili, na ya pili ni kwamba binamu ni mtani, na marehemu mwenyewe aliacha neno kwamba siku yake asisomewe na mtu wa kumpamba. Basi nitamsoma kama alivyokuwa, na mwenye kucheka acheke, ruhusa ya Paroko ninayo.

Marehemu Kornelio Sebastiani Mbonde alizaliwa hapa Mitole siku ya Jumanne, tarehe 16 Septemba 1958, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Sebastiani Mbonde na Bibi Magdalena, wakulima wa muhogo na ufuta, na jina la Kornelio alipewa na katekista kwa kuwa ndiyo siku ya mtakatifu huyo, ingawa Mzee Sebastiani alikuwa amekwisha kuwatangazia watu wote kwamba mtoto ataitwa Yohana. Bibi Magdalena alikuwa akisema kwamba ubishi wa mwanawe ulianzia hapo, aliingia duniani na kumshinda baba yake kwa jambo la kwanza kabisa.

Alianza Shule ya Msingi Mitole mwaka 1967 na kumaliza darasa la saba mwaka 1973, akachaguliwa kwenda sekondari mkoani Mtwara alikosoma kuanzia 1974 hadi 1977, na huko ndiko masista walikomfundisha kupiga kinanda kile cha kupuliza kwa miguu, kwa sababu alikutwa amekifungua nyuma kutafuta upepo unatokea wapi, na sista mmoja akaona kwamba dawa ya mtoto wa namna hiyo ni kumkalisha upande wa mbele. Mwaka 1978 alijiunga na chuo cha ufundi wa simu Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1980, na Novemba mwaka huohuo aliajiriwa kuwa fundi mitambo wa simu katika mji wa Lindi, akahamishiwa Kilwa Masoko tarehe 3 Februari 1986, na huko alikaa mpaka alipostaafu kwa hiari tarehe 30 Juni 2014. Wenye umri wetu wanakumbuka ile mitambo ya kuunganisha simu kwa mkono, yenye vitaa vingi vidogo, kila kitaa na namba yake, naye alikuwa akituambia kwamba fundi wa simu haamini maneno ya mtu, anaamini taa.

Tarehe 24 Novemba 1984 alifunga ndoa takatifu na shemeji yangu Romana, aliye pale mbele kwenye benchi la kwanza, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Benjamin aliyezaliwa mwaka 1986 na sasa ni mwalimu Dodoma, Magdalena aliyezaliwa mwaka 1989 ambaye ni muuguzi Mtwara, na Witness aliyezaliwa mwaka 1995 anayelima korosho hapahapa nyumbani, pamoja na wajukuu watano. Shemeji Romana ameniomba niseme kwamba katika miaka arobaini ya ndoa yao mumewe hakuwahi kumwinulia sauti, nami nasema ni kweli, ila niongeze kwamba mara nyingi hakumwinulia sauti kwa sababu hakuwa amesikia alichoulizwa, alikuwa chini ya meza na waya mdomoni.

Sasa nakuja kwenye kazi iliyomfanya ajulikane, na kwa ruhusa yenu nitakaa hapo kidogo, maana wengi mmekuwa mkisikia kinanda hiki bila kujua kilivyo. Kile cha zamani cha kupuliza kwa miguu kililiwa na mchwa, na Julai 2015 padre mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao alituachia kompyuta yake, ndani yake mkiwa na programu ya kinanda cha mabomba, yaani watu walikwenda kwenye kanisa moja kubwa la Ulaya, wakarekodi sauti ya kila bomba moja baada ya jingine, wakaziweka zote humo, hivyo ukibonyeza vibao hapa Mitole linalia bomba la huko. Marehemu alipandanisha vinanda viwili vya umeme, kimoja juu ya kingine, akaviunga na kompyuta, akaning'iniza spika mbili chini ya dari, na Krismasi ya mwaka huo kanisa hili lilitoa sauti ambayo mimi niliisikia nikiwa shambani kwangu ng'ambo ya bonde, nikadhani ni lori limepinduka.

Kinanda cha namna hiyo kina sauti nyingi, filimbi, nyuzi, tarumbeta, na mpigaji lazima achague zipi zilie, kwa sababu wimbo wa kuingia unataka nguvu na wimbo wa baada ya komunyo unataka upole, na kwenye vinanda halisi kuna vitufe vidogo chini ya vibao, ukibonyeza kimoja mchanganyiko mzima unajipanga mara moja. Hapa kwetu hapakuwa na vitufe, palikuwa na kioo cha kompyuta chenye maandishi madogo kama mayai ya chawa, marehemu akayajua yote kwa kichwa, na kwa kuwa aliyajua peke yake, akawa mpigaji peke yake, na nasema mbele yake akiwa hapa kwamba jambo hilo halikumuudhi hata kidogo. Alikwenda nacho hivyo miaka mitatu, akisafiri hatuimbi na kinanda, akiugua malaria kwaya inaimba kwa kupiga makofi.

Lakini alikuwapo mtu mwingine Mitole aliyejua kupiga, naye ni Mama Debora, mnamfahamu, mama wa sauti ya pili, aliyefundishwa na masista akiwa msichana, na aliyekuwa amepiga kile kinanda cha miguu katika kanisa hili kabla mchwa hawajakila. Mama Debora macho yake yana presha na maandishi yale hakuyaona, akamwomba marehemu mara tatu amsaidie, na mara zote tatu alijibiwa, "Mashine hii si ya kila mtu, mama." Mwishoni mwa mwaka 2018 Baraza la Parokia lilimwambia wazi kwamba kinanda ni cha kanisa, si cha ukoo wa Mbonde, ndipo akakubali kutengeneza vitufe vinane vyenye taa, cha kwanza hadi cha nane, kutoka sauti ya upole kabisa hadi ya nguvu kabisa, ili Mama Debora abonyeze tu na kuona taa ipi imewaka, asihitaji kusoma chochote.

Ubao wa vitufe aliuchonga rafiki yake Yassini, fundi pikipiki wa Nangurukuru, kwa mbao ya mninga, na wakalehemu waya pamoja kwa wiki mbili, na Yassini alipoona kazi imekwisha alimwambia maneno ambayo ameniruhusu niyarudie leo, alimwambia, "Ndugu yangu, taa hii inawashwa na kidole, haiwashwi na kinanda. Kwangu kila siku inakuja pikipiki, kitaa kilicho mbele ya macho ya dereva kinamwambia indiketa inafanya kazi, ukizunguka nyuma balbu imekufa zamani." Marehemu akamjibu ashughulike na pikipiki zake. Ndugu zangu, kiburi si maungwana, na Kornelio wetu, Mungu amsamehe, siku ile alikuwa nacho cha kutosha nyumba mbili.

Tarehe 1 Mei 2019 ilikuwa sikukuu ya somo wa parokia yetu, Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, kanisa limejaa hadi uani, kuna mapadre wageni sita, na Mama Debora amevaa kitenge kipya kwa sababu ndiyo siku yake ya kwanza. Wimbo wa matoleo aliupiga kwa kitufe cha nane, tarumbeta zote, watu wakafurahi, kisha ikaja ile dakika ya kimya baada ya komunyo, akabonyeza kitufe cha kwanza, kitaa cha kwanza kikawaka vizuri kabisa, akaweka mikono yote miwili kwenye vibao kwa upole. Kompyuta ilikuwa imezidiwa na haikuipata ile amri, bado ilikuwa kwenye tarumbeta. Watoto walilia, mzee mmoja alidondosha bakora, padre mgeni aliyekuwa amefumba macho akisali alisimama wima kana kwamba ameitwa jina, na Mama Debora aliondoa mikono kana kwamba ameungua. Hilo peke yake lingepita, tungelicheka na kulisahau, lakini marehemu alimfuata mbele ya kwaya nzima akasema, "Kidole chako hakikubonyeza sawasawa."

Mama Debora alichukua mkoba wake akatoka. Hakurudi kwenye kinanda, wala kwenye kwaya, alihamia benchi la mwisho karibu na mlango, akawa anaimba kwa midomo bila sauti, na sisi wote tulijua, na marehemu alijua kuliko sisi, maana siku kumi na mbili baadaye jambo lilelile lilimpata yeye mwenyewe akifanya mazoezi peke yake, taa ya kwanza inawaka, tarumbeta zinalia. Alinieleza mimi tu. Akaanza kuchimba ndani ya programu ile, usiku na mchana, kitabu na daftari, miezi mitatu, minne, na mimi nilipochoka kumtazama nilikwenda kwake nikamwuliza kwa haki yangu ya utani, "Binamu, hapa unatengeneza kompyuta, au unamkimbia Debora?" Alilifunga daftari. Kisha akalia, mtu mzima wa miaka sitini na moja, akasema hajui aanzeje.

Kwetu mnajua jinsi inavyoanzwa. Nilimshika mkono tukaenda kwa Mama Debora, mimi mtani mbele na jogoo kwapani, yeye nyuma amevua kofia, na nikamweleza mwenye nyumba kwamba nimemletea mwizi aliyeiba heshima yake na yuko tayari kuirudisha, na marehemu akapiga magoti kwenye mchanga akasema kidole kilikuwa sawa na taa ndiyo iliyosema uongo, na taa aliitengeneza yeye. Mama Debora alimpokea jogoo, akamwinua mgeni, akatupa uji, halafu akasema neno ambalo marehemu aliliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, nimeliona kwa macho yangu juzi. Alisema, "Wewe nimekusamehe, baba, lakini hicho kinanda sikigusi mpaka taa iache uongo."

Kwa hiyo kazi ilibadilika. Programu ile ni ya bure, na wenye nayo wanamruhusu mtu yeyote duniani aifungue, aone ilivyoandikwa ndani na kuirekebisha, lakini haikuwa na njia ya kuituma habari nje kwenye taa, ilijua kupokea amri tu, kama mtumishi anayeitika moyoni bila kutoa sauti, na marehemu aliona kwamba hapana waya utakaoliponya hilo, lazima programu yenyewe ifundishwe kujibu, sauti zikishapangika ndipo itume neno, na neno hilo ndilo liwashe taa. Alikuwa hajawahi kuandika programu maishani mwake. Alijifunza kwa simu ya mkononi, akipanda kwenye kichuguu cha nyuma ya zahanati ambako mtandao unashika, na mama mmoja wa hapa, simtaji, alimpelekea Paroko taarifa kwamba yule fundi simu mstaafu ameanza kuongea na mizimu.

Ilimchukua mwaka mzima na mwezi mmoja. Desemba 2020 aliwatumia wale wenye programu maandishi yake, na baada ya siku nne walimjibu kwa adabu kubwa wakiwa na masahihisho kumi na tisa, na binamu yangu akakasirika siku tatu, akisema wazungu hawa hawajui taa, siku ya nne akakaa chini akarekebisha kumi na nane na kubishana nao juu ya moja, na hilo moja wakamkubalia. Tarehe 9 Machi 2021 waliiingiza kazi yake ndani ya programu, na jina la Kornelio S. Mbonde likaandikwa kwenye orodha ya waliochangia, hivyo leo mpigaji yeyote aliye nchi yoyote, akiwa na programu hiyo na vitufe vya taa, taa yake inawaka kwa kazi iliyofanyika Mitole. Siku hiyo alichinja mbuzi. Majirani walikuja na khanga na vigelegele wakidhani Benjamin amepata mchumba, na walipoelezwa kwamba ni sherehe ya taa walitazamana, kisha wakaona nyama tayari imeiva, wakapiga vigelegele vilevile.

Pasaka ya tarehe 4 Aprili 2021 Mama Debora alirudi, akapiga, na taa hazikumdanganya. Ningependa kusema kwamba hadithi iliishia hapo, lakini mtani hasemi uongo msibani, marehemu alivuta kigoda akakaa kushoto kwake Jumapili hiyo, na iliyofuata, na nyingine zote kwa miaka minne, akimwonyesha kwa kidole taa ambayo mama wa watu alikuwa akiiona mwenyewe, akimnong'oneza "polepole" na "sasa", na ikifika Amina anamweleza makosa. Nilimwambia mara nyingi kwamba ametengeneza kitu kinachomfanya asihitajike halafu anakikalia. Alijua. Aliniambia siku moja tukitoka Nangurukuru kwamba anaogopa akiinuka kwenye kigoda kile mama atashtuka kama siku ya Mei Mosi, atakimbia, na hatarudi tena, na kosa litakuwa lake milele.

Maradhi ya moyo yalianza kumsumbua Novemba 2024, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akatibiwa hospitali ya wilaya na baadaye kupelekwa hospitali ya mkoa Lindi, ambako alilazwa tarehe 28 Julai mwaka huu wa 2025. Jumapili ya tarehe 3 Agosti hatukuwa na kinanda, Mama Debora alisema hawezi peke yake. Jumapili ya tarehe 10 Agosti alikuja, akakitazama kigoda kitupu, akakaa, na mimi siku hiyo niliingia kanisani humu nikasimama nyuma, maana binamu yangu alinituma nikaone. Nyimbo zilikwenda vizuri mpaka ikaja ile dakika baada ya komunyo, akabonyeza kitufe cha kwanza, na taa haikuwaka.

Padre aligeuka, wanakwaya waligeuka, mimi jasho likanitoka kana kwamba napiga mimi. Mama Debora aliiweka mikono yake magotini, akaitazama ile taa iliyozima, akangoja, hakushtuka wala hakumtazama mtu, akabonyeza mara ya pili, akangoja tena, na kompyuta ilipotoka kwenye tarumbeta kitaa cha kwanza kikawaka, ndipo akainua mikono, zikatoka filimbi peke yake, laini kabisa. Mchana ule nilipanda gari kwenda Lindi. Nilimkuta marehemu amelala kiubavu, nikamweleza kuanzia wimbo wa kuingia, na nilipofika kwenye taa iliyokataa kuwaka alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akaniuliza neno moja tu, "Alingoja?" Nikamwambia alingoja. Alicheka mpaka muuguzi akaja kutugombeza, kisha akaomba uji, akaunywa wote, yeye ambaye kwa wiki nzima alikuwa akiukataa.

Siku tatu baadaye, Jumatano ya tarehe 13 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, Kornelio Sebastiani Mbonde aliaga dunia, mkewe Romana akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, miezi kumi na siku ishirini na nane, hesabu ambayo nimeifanya mara mbili kwa sababu nikikosea atanijia ndotoni. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na sisi.

Ukoo wa Mbonde unawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya na hospitali ya mkoa Lindi, hasa yule muuguzi aliyetugombeza, alikuwa na haki, tunawashukuru mafundi wenzake wa simu waliosafiri kutoka Kilwa Masoko, wengine kwa magongo, tunamshukuru Yassini aliyelala hapa msibani siku tatu na kufunga taa za uani, tunawashukuru Imamu na vijana wa msikiti waliochimba kaburi pamoja na vijana wa parokia, akina mama waliopika na kuteka maji, Paroko, kwaya, na wale wapigaji wa nchi za mbali walioandika salamu za pole kwenye simu yake, kumi na saba hadi jana jioni, mmoja amesema atawasha vitufe vyake vyote kesho Jumapili bila kupiga chochote. Wote tuliowasahau mtuwie radhi.

Mama Debora ndiye atakayetutoa humu kwenda makaburini, yuko tayari kwenye kinanda, na kile kigoda cha kushoto familia imeamua kisiondolewe wala kisikaliwe na mtu leo.

Kornelio, mtoto wa mjomba, nimekusoma bila kukupamba kama ulivyotaka, nimekupenda tangu tukiwa watoto na nitakukosa kila siku itakayobaki kwangu. Lala kwa amani, binamu, na sasa mama anapoanza kupiga, tafadhali, usimsahihishe.